Springi Ngumu Si Dawa: Somo Nililolipata Chini ya MGB

  Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alitutaka kila mmoja aandike somo kuhusu kazi aliyoishika kwa mikono yake mwenyewe. Wenzangu wakachagua ufugaji wa kuku, ushonaji na upishi wa mandazi. Mimi nimechagua springi za gari. Tafadhali usifungue ukurasa mwingine bado! Somo hili lina fizikia, lina historia, na lina kosa moja ambalo nusura limharibie mjomba wangu jina lake.

Mjomba ni fundi wa magari mjini Nakuru. Gereji yake haina mlango wala ukuta. Ina mabati machache, mkaratusi mmoja wa kivuli na shimo la kuingilia chini ya gari. Kila likizo mimi huwa mwanagenzi wake. Likizo ya Aprili mwaka jana, asubuhi moja, liliingia gari dogo jekundu lenye viti viwili na paa la turubai. Waama sikuwa nimewahi kuliona gari kama lile. Aliyeliendesha alikuwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye mjomba humwita Mwalimu tu.

"Fundi," akasema akitabasamu, "nataka hii gari ishike barabara kama ya mashindano. Iwe chini, na springi ziwe ngumu. Nimesoma kwa majarida yao, hivyo ndivyo wanafanya."

Mjomba hakujibu. Aliizunguka ile gari mara mbili, kisha akaniambia, "Leta jeki. Tuangalie kwanza."

GARI LENYEWE

Gari hilo lilikuwa MGB, la mwaka 1971. Kampuni ya MG ilianza kuuza aina hii mwaka 1962, na ilitengenezwa katika mji wa Abingdon, Uingereza, hadi mwaka 1980. Yalitengenezwa zaidi ya magari 500,000, na mengi yalivuka bahari kwenda Marekani.

Sasa tutazame miguu yake. Mbele kuna springi za koili, yaani chuma kilichosokotwa kama nyoka. Nyuma kuna springi za mabamba, kama zile za pikapu na matatu za zamani: vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na ekseli imefungwa juu yake. Mpangilio wa mbele ulitokana na kazi ya mhandisi Alec Issigonis, yule yule aliyekuja kusifika kwa gari la Mini la mwaka 1959. Ulitumika katika gari la MG la mwaka 1947, ukarithiwa na MGB.

Ajabu ya gari hili ni shokamzoba zake. Zile tulizozoea huwa na umbo la bomba refu. Za MGB ni kijisanduku cha chuma chenye oili ndani na mkono unaotokea nje. Gurudumu likipanda, mkono unapanda. Ndani, pistoni inaisukuma oili ipite katika tundu dogo. Tena kule mbele mkono huo una kazi mbili: ni wa shokamzoba, na papo hapo ndio mkono wa juu unaolishikilia gurudumu. Shokamzoba ikilegea, gurudumu nalo limelegea.

MGONJWA ANAPIMWA

Daktari hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Mjomba naye alipima kwa njia tatu ambazo hata wewe unaweza kuzijaribu kwenye gari la nyumbani, ukipewa ruhusa.

Kwanza, aliikandamiza pembe moja ya gari kwa mikono miwili, kisha akaiachilia ghafla. Gari zima huinuka, hushuka kidogo na kutulia. Hili liliruka mara nne kama mtoto aliyeona peremende. "Hakuna shoki hapa," mjomba akasema. Tulipofungua kifuniko cha kutilia oili tukakuta ndani ni kukavu.

Pili, alilinyanyua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya stendi imara, kisha akalishika gurudumu la mbele juu na chini na kulitikisa. Likacheza. Kingipini, yaani nguzo ambayo gurudumu huizunguka linapokata kona, ilikuwa haijaonja grisi siku nyingi. Kila upande una vitundu vitatu vya kutilia grisi, na kitabu cha gari kinasema vitiliwe kila baada ya maili 3,000, ambazo ni kama kilomita 4,800.

Tatu, alichukua chuma kirefu akakipenyeza kwenye bushi za mkono wa chini. Bushi ni zile raba zinazokaa mahali chuma kinapokutana na chuma. Raba hizo zilikuwa zimepasuka na kuwa ngumu kama mkate wa juzi.

"Mwalimu," mjomba akasema, "hii gari haihitaji springi ngumu. Inahitaji kuwa gari tena."

Mzee akacheka. Lakini niliona uso wake, hakuwa amefurahi. Alikuwa ameweka akiba muda mrefu anunue springi za mashindano.

FIZIKIA KIDOGO

Hapa ndipo nilipokumbuka darasa la fizikia. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni tunayoisoma hadi leo: kadiri unavyoivuta au kuibonyeza springi, ndivyo nayo inavyokurudishia nguvu. Ukibonyeza mara mbili, nguvu ni mara mbili, bora usiipitishe kikomo chake.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme tuna springi laini inayotaka nyutoni 500 ili ibonyee sentimita 1, na springi ngumu inayotaka nyutoni 1,000. Gurudumu linakanyaga jiwe la sentimita 5. Kabla gari halijapata nafasi ya kuinuka, springi laini itausukuma mwili wa gari kwa nguvu ya ziada ya nyutoni 2,500. Ile ngumu itausukuma kwa nyutoni 5,000! Kwenye kiwanja cha mashindano kilicho laini kama kioo, mawe hayako. Kwenye barabara zetu, gari la springi ngumu mno hurushwa juu, na tairi likiachana na lami, hata kwa nukta ya sekunde, halishiki kitu. Usukani na breki hutegemea tairi lililo chini, si lililo hewani.

Basi kwa nini watu wa mashindano hutumia springi ngumu? Kwa sababu gari likikata kona kwa kasi hulala upande mmoja, na springi ngumu hupunguza huko kulala. Lakini iko njia nyingine. Stabilaiza ni chuma kirefu kinachoungana na gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, kama unapovuka tuta, chuma hicho huzunguka tu bila kuzuia kitu. Gari likilala upande mmoja, hujisokota na kulizuia. Hivyo unapata faida kwenye kona bila kuumia sana kwenye tuta. Si bure lakini: stabilaiza nene mno ya mbele hulifanya gari liwe zito kukubali kona, na jiwe linalogonga gurudumu moja hutikisa na la pili.

Na shokamzoba je? Springi hubeba mzigo. Shokamzoba huituliza springi. Inachukua nguvu za ule mruko na kuzigeuza kuwa joto ndani ya oili. Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alilionyesha hili kwa gari la Elan la mwaka 1962. Springi zake zilikuwa laini, shokamzoba zikafanya kazi yake barabara, na gari hilo likasifiwa kwa kukata kona. Kwa hivyo ugumu na ushikaji wa barabara si ndugu wa tumbo moja.

DAWA YA MGONJWA MWINGINE

Mjomba alimwomba Mwalimu yale majarida. Nikayasoma usiku, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa kirefu na mjomba hana subira nacho. Kesho yake nilimweleza nilichokipata.

Mwishoni mwa mwaka 1974, ili gari likubaliwe na sheria za Marekani kuhusu urefu wa bampa na taa, MGB liliwekwa bampa nyeusi za raba na kuinuliwa kidogo. Uzito ukapanda juu, na gari likaanza kulala sana kwenye kona. Mwaka 1976 ndipo zilipowekwa stabilaiza mbele na nyuma ili kutibu tatizo hilo. Wenye magari hayo ya baadaye ndio hasa wanaohangaika kuyashusha, na makala alizosoma Mwalimu ziliandikwa kwa ajili yao.

Lakini gari la Mwalimu lilikuwa la 1971, lenye bampa za chuma. Halikuwa limeinuliwa na mtu yeyote! Kulishusha ni kumpa mtu wa kichwa dawa ya jirani anayeumwa na tumbo. Fauka ya hayo, gari likishushwa, nafasi ya gurudumu kupanda hupungua, na kila tuta linakuwa nyundo.

Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho. Akavua miwani, akasema, "Miaka thelathini nimewaambia wanafunzi wasome swali kabla ya kujibu. Leo mwanafunzi ananiambia mimi."

KAZI YENYEWE

Tukakubaliana mpango wa hatua nne, na baada ya kila hatua gari liendeshwe katika barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Ukibadilisha vitu vinne siku moja hutajua ni kipi kilichosaidia na ni kipi kilichoharibu.

1. Shokamzoba za mbele zilifunguliwa, zikawekwa sili mpya na oili yake maalumu. Za nyuma zilihitaji oili tu. Kuna watu huzitoa hizi za nyuma na kuweka za bomba refu. Ni njia inayokubalika, ila hutaka vyuma vya kuzishikilia, na mjomba hakuona sababu.

2. Bushi za mbele zilibadilishwa. Mwalimu aliagiza kutoka Uingereza bushi za MGB lenye injini ya V8, lililotengenezwa kati ya 1973 na 1976. Hizo raba yake imebanwa kati ya bomba mbili ndogo za chuma, na ni imara kuliko za kwanza lakini bado ni raba. Ziko pia za plastiki ngumu ya poliyurethani. Hizo hushika zaidi, ila hupitisha mtikiso mwingi, na zisipotiwa grisi yake hulia kama mlango wa zamani.

3. Springi za mabamba za nyuma zilizokuwa zimelala zilibadilishwa kwa mpya za ugumu ule ule wa asili.

4. Mwisho, stabilaiza ya mbele iliyo nene kidogo kuliko ya zamani.

Natoa onyo hapa, ndugu msomaji. Springi ya koili iliyobanwa ndani ya gari ina nguvu ya kuua. Ukifungua bolti zake ovyo inaruka kama risasi. Mjomba alitoa bolti mbili zinazotazamana kwa pembe kwenye sahani ya chini ya springi, akaweka mahali pake bolti mbili ndefu sana, ndipo akazitoa zile nyingine. Kisha akazilegeza zile ndefu kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, hadi springi ikanyooka yenyewe bila fujo. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, kama nilivyoagizwa. Na kamwe usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

KOSA LANGU

Sasa nifike mahali pagumu. Siku ya bushi, jioni, mjomba aliitwa kutazama lori lililokwama. Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha kupangwa, gurudumu bado linaning'inia. Akaniambia, "Hizo nati za bushi uziweke tu kwa mkono. Usikaze. Wacha gari ishuke chini kwanza. Umeskia?"

"Ndiyo, mjomba."

Alipoondoka, nikaona uvivu. Gari likishuka chini nafasi ya kuingiza spana ni finyu, na vijana wenzangu walikuwa wananingoja uwanjani. Nikasema moyoni, nati ni nati. Nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikanawa mikono, nikaenda kucheza mpira. Mjomba aliporudi akauliza kama mambo yako sawa. Nikasema yako sawa. Kesho yake upande wa kulia aliumaliza yeye mwenyewe, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake.

Kwa nini aliniambia ningoje? Gurudumu likining'inia, mkono wa chini umeinama sana. Ukikaza nati hapo, ile bomba ya ndani ya bushi inashikwa katika mwinamo huo. Gari likishuka, mkono unapanda, na raba inajisokota kabla hata ya kuanza safari. Kila shimo linaisokota zaidi. Lakini ukikaza gari likiwa limesimama chini, raba inakuwa imetulia, na inajisokota kidogo tu juu na kidogo chini.

Gari liliondoka likiwa zuri sana. Mwalimu alilipeleka barabara ya Njoro, akarudi akimpigia mjomba honi kama bwana harusi. Mimi nikarudi shuleni.

Likizo ya Agosti nilimkuta Mwalimu gerejini. Hakuwa anatabasamu. Alisema gari lilianza kugonga mbele, ngo ngo ngo, na juma lililopita, akiwa na mjukuu wake, alipokanyaga breki karibu na tuta gari lilimvuta kushoto hadi magurudumu mawili yakashuka kwenye mtaro. Hakuna aliyeumia. Lakini mtoto alilia njia nzima, na tangu hapo hataki kupanda.

Mjomba alichukua utepe wa kupimia. Kutoka katikati ya gurudumu hadi madigadi, upande wa kushoto ulikuwa juu kuliko wa kulia kwa upana wa kidole. Akaingia chini. Bushi za kushoto raba yake ilikuwa imechanika. Za kulia zilikuwa nzima kabisa.

"Wameniuzia bushi mbovu," akasema kwa hasira. "Huyu muuzaji leo atanijua. Hata pesa atarudisha." Akatoa simu.

Mpenzi msomaji, moyo ulinienda mbio. Bushi zote zilitoka katika pakiti moja. Gari lile lile, barabara ile ile, dereva yule yule. Kilichotofautiana ni mkono uliokaza. Ukiwa kwenye maabara ungesema upande wa kulia ndio shahidi, na shahidi huyo alikuwa ananinyooshea kidole.

"Mjomba," nikasema, "si muuzaji. Ni mimi. Nilikaza gari ikiwa juu."

Alinitazama kitambo. Sikupigwa, wala sikutukanwa, afadhali ningetukanwa. Alirudisha simu mfukoni, akamgeukia Mwalimu. "Mwalimu, hii ni yangu. Bushi nitaagiza mimi. Na ningekuwa nimeangalia kazi ya kijana kabla gari haijatoka, haingefika hapo."

Mwalimu naye aliniuliza swali moja tu: "Ulijua ama hukujua?"

"Niliambiwa," nikajibu.

"Basi sasa umejua."

Bushi zilipofika nilizikaza mimi, gari likiwa chini, mjomba akihesabu kila mzunguko wa spana. Nilifanya kazi likizo ya Desemba bila malipo hadi gharama ikaisha. Siku ya mwisho Mwalimu alikuja na mjukuu wake. Mtoto alisimama mbali, akanitazama, kisha akapanda.

TULIYOJIFUNZA

Kuboresha si kuongeza. Kabla ya kununua kipya, rudisha kwanza kilichochakaa. Gari lenye bushi zilizokufa haliponywi na springi ngumu. Pili, badilisha kitu kimoja kimoja na upime. Tatu, hakikisha dawa uliyosoma ni ya gari lako. Nne, nati iliyokazwa wakati mbaya ni sawa na nati isiyokazwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa na ufa wa neno moja, "yako sawa," na ukuta wake niliujenga mwezi mzima wa Desemba.

MSAMIATI

Bushi: raba inayokaa kati ya vyuma viwili ili visigongane.
Kingipini: nguzo ambayo gurudumu la mbele huizunguka likikata kona.
Shokamzoba: chombo kinachoituliza springi, mafundi wengine husema shoki.
Stabilaiza: chuma kinachounganisha magurudumu mawili ili gari lisilale kwenye kona.
Mwanagenzi: anayejifunza kazi kwa fundi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Springi inataka nyutoni 800 ili ibonyee sentimita 1. Itabonyea kiasi gani kwa mzigo wa nyutoni 3,200?
2. Kwa nini stabilaiza haizuii kitu magurudumu yote mawili yanapopanda tuta pamoja?
3. Eleza kwa maneno yako kwa nini nati za bushi za raba hukazwa gari likiwa chini.
4. Je, mjomba alifanya haki kulipia bushi? Jadilini katika vikundi.

Kalamu yangu naiweka chini. Ukipita Nakuru ukaona gari dogo jekundu likivuka tuta polepole na mtoto ndani anacheka, jua kwamba raba zake zimetulia.